Mkasi Uligonga Mara Mbili

Aliyefungia sabuni gazeti la wiki iliyopita asinilaumu. Nitamkumbusha kwa ufupi, kisha tuendelee.

Jicho langu la kushoto limeingia ukungu, na la kulia linamfuata mwenzake. Nilificha. Nikapiga bandi kola sitini za sare, zote kombo. Mkamwana wangu akazishona vilevile nilivyozishikiza, na shule ikazirudisha zote sitini. Bosi wetu Kozi aliposimama katikati ya chumba akauliza hiyo ni kazi ya nani, mimi nilitazama mkasi wangu kama vile naununua.

Mkamwana akaondolewa kwenye cherehani. Akapewa kigoda mlangoni, kazi yake kukata nyuzi zinazoning'inia. Mimi nikabaki kwenye kiti changu cha dirishani, na jina langu la Bibi Kola.

Kwa asiyejua ushonaji, kupiga bandi ni kushikiza kitambaa kwa mkono, kwa nyuzi ndefu ndefu, ili mwenye cherehani apite juu yake. Bandi ikienda kombo, cherehani inakwenda kombo. Na uzi wa bandi ukishachomolewa haubaki hata alama. Ndiyo maana sikushikwa.

Na nisiseme nusu. Siku ile mkamwana aliinua kola moja akaniuliza kwa sauti ya chini, mama, hii iko sawa? Nikamwambia, wewe shona. Akashona. Mkwe akishasema shona, binti wa watu ataanzia wapi kubisha?

Basi. Hapo ndipo tulipoishia.

Kozi ni mtoto wa mwenye karakana. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikwenda kusoma miezi mitatu, akarudi na kalamu za rangi nne, na tangu siku hiyo hajui kufungua sentensi bila kusema kwenye kozi tulifundishwa. Baba yake, ambaye sisi tunamwita Mkubwa, alianza na cherehani moja ya kukanyaga. Kozi alianza na kalamu.

Karakana yetu ina vyumba viwili. Cha mbele kina madirisha manne mapana, humo tunashona. Cha nyuma kina balbu moja na tundu la hewa ambalo hata panya hulipita kwa ubavu, humo wanakata vitambaa. Miaka yote wakataji wanalia kwamba chumba chao ni giza, na sisi tunajibu kwamba kitambaa kizima kizima hata kipofu anakikata, tundu la sindano ndilo linataka mwanga.

Mtu mwenye akili angepima vyumba, angehesabu mashine, angeamua. Kozi alituita wote akatangaza mchezo.

Alisema Jumamosi tutakwenda uwanja wa bunduki za mwanga, nje ya mji. Mchezo wa leza. Wakataji sita, washonaji sita. Watakaoshinda watachagua chumba, na Jumatatu Mkubwa mwenyewe atakuja kuona meza zimekaa wapi. Kwenye kozi walifundishwa kwamba timu inayojua kupigana pamoja ndiyo inayojua kufanya kazi pamoja.

Nimefanya kazi na wanawake hawa miaka ishirini na miwili bila kumpiga mtu hata kofi. Lakini mimi sikwenda kozi.

Wenzangu walicheka. Mimi nilishika meza. Chumba cha nyuma hata mwenye macho ya paka hutunga uzi kwa kubahatisha, mimi ningeumbuka kabla ya chai ya saa nne. Hapa dirishani nilikuwa bado nadanganya ulimwengu, kwa sababu ya mambo mawili. Jua, na mjukuu wangu.

Mjukuu wangu ana miaka sita, ni wa mkamwana huyuhuyu. Kila jioni namwambia bibi amechoka, nitungie hizi. Anabeba kimto changu cha sindano, anakimbia nacho chumbani kwao, anarudi nacho sindano ishirini zote zimetungwa uzi mweupe. Asubuhi nazichomeka mbele yangu. Ukinitazama unaona fundi aliyejipanga.

Sasa nikuonyeshe adui.

Mkuu wa wakataji tunamwita Jemedari. Ujanani alifundishwa ulinzi wiki tatu, na tangu hapo hajalinda kitu chochote isipokuwa kiti chake. Futi ya kupimia haimtoki shingoni, nadhani hata akilala. Siku nne mfululizo alichora vita kwa chaki juu ya meza ya kukatia, akisema kwa nguvu ili sauti ipite kwenye mbao zinazotenganisha vyumba. Nilipita nikachungulia. Mishale sita, yote imeelekea mahali pamoja, kama mbuzi walioona lango liko wazi.

"Mama, mkifika chumba cha nyuma mtazoea," aliniambia. "Popo wanazoea."

Nikamwambia chaki hiyo ni ya kazi, asiimalize kwa mapicha.

Na sisi tukapanga. Nahodha nikawa mimi, si kwa uhodari, ni kwa umri. Wengine walikuwa mkamwana, mpiga pasi ambaye ni mama mnene mwenye sauti ya king'ora, msichana wa vifungo ambaye ni mwepesi kama kifungo chenyewe, na dada wawili wanaoshona mikono ya mashati, wasioachana hata wakienda chooni.

Lazima nieleze hapa desturi yetu, maana ndiyo iliyotuua na ndiyo iliyotufufua.

Cherehani kumi zikinguruma, mdomo hausaidii. Kwa hiyo tunagonga mkasi kwenye mguu wa chuma wa meza. Kugonga mara moja, sindano imevunjika, nileteeni nyingine. Mara tatu, chai imeiva. Mara mbili, mkubwa anakuja. Ukisikia mbili unainamisha kichwa na kushika kazi. Aliyekuwa anasimulia anameza neno. Aliyekuwa anakula anatafuna bila kutikisa shavu. Karakana nzima inaijua, mbele na nyuma, kuanzia aliyeajiriwa jana.

Nikawaambia kule uwanjani tutagonga mikasi vilevile. Moja, songa mbele. Tatu, rudi. Mbili, adui anakuja.

Mkamwana akasema taratibu, akiwa kwenye kigoda chake, "Mama, mbili tuiache."

Nikamuuliza tangu lini mkata nyuzi anapanga vita. Dada wa mikono wakacheka. Yeye akarudi kwenye nyuzi zake.

Sitaki mnihurumie. Nimeandika ili mjue.

Uwanja ulikuwa mahali palipokuwa na kiwanda cha matofali kilichokufa zamani. Kuta nusu nusu, mapipa, matairi yaliyopangwa, magunia ya mchanga, na lori bovu lililokaa kwenye majani kama kuku anayeatamia. Mwamuzi alikuwa mwanamke mkavu mwenye filimbi. Alitufunga kila mmoja utepe kichwani wenye taa pande zote na moja kubwa utosini, sisi za buluu, wao nyekundu. Kisha akatugawia bunduki za plastiki.

Sheria zilikuwa chache. Mwanga wa bunduki ukimgusa mtu kwenye utepe, anapata alama aliyepiga, na bunduki ya aliyepigwa inazimika kidogo. Humo ndani kuna sauti ya kike inayosema umepigwa, kwa kiburi, kama mke mwenza. Kila upande una sanduku lake la taa. Ukilifikia la wenzako na kulipiga likageuka rangi yako, unapata alama mia kwa mkupuo. Na bunduki hizi, mwamuzi akasema, hazijui ndugu. Ukimpiga wa kwenu, naye anahesabika amepigwa.

Kozi alipanda juu ya pipa na daftari lake. Kalamu nne zote mfukoni.

Mimi nikasema nitalinda sanduku letu, miguu yangu si ya kukimbia. Ukweli ni kwamba toka pale nilipokaa, uwanja wote ulikuwa shuka lililofuliwa likaning'inizwa. Niliona vitu vinavyotembea. Vya nani, sikujua.

Filimbi ikalia. Wakataji wakaja wote sita pamoja, kama mishale ya chaki, na miguu yao ikitwanga changarawe. Nikasikia vizuri sana. Masikio yangu hayana kasoro. Nikagonga mkasi kwenye pipa, mara mbili.

Wanawake wangu watano wakainamisha vichwa.

Si kujificha. Kuinama kwa kazini, kama nilivyosimuliwa baadaye. Mpiga pasi alianza kulainisha gunia la mchanga kwa kiganja, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Dada wa mikono waligeuza bunduki zao kana kwamba wanatafuta mshono. Na taa kubwa ya utosini ikawatazama wakataji uso kwa uso.

Umepigwa, umepigwa, umepigwa. Yule mke mwenza alichoka mwenyewe.

Nikagonga tena kuwaonya. Mbili. Wakainama zaidi.

Utasema kwa nini sikuacha. Nilidhani hawasikii.

Mtu mmoja alikuja kwangu akipita chini chini kando ya ukuta. Nikamfyatulia. Nikamfyatulia tena. Alikuwa mkamwana, amekuja kuniambia niache kugonga. Bunduki ikamwambia umepigwa mara nne kabla hajafika, na alipofika akasema neno moja tu, mama, akaukamata mkasi wangu kwa mkono.

Kipindi cha kwanza kiliisha hamsini na mbili kwa tatu. Kilichowazuia wakataji kuchukua sanduku letu ni kwamba wote sita walitaka kuwa wa kwanza kulifikia, wakagongana mlangoni pa ukuta na filimbi ikalia wakiwa bado wanasukumana.

Tukakaa juu ya matairi kunywa maji. Jemedari akapita makusudi.

"Tumewaachia balbu," alisema. "Tena mpya, niliibadilisha mwezi jana."

Mpiga pasi alikuwa anajipepea kwa kofia. Mimi nilitazama mahali palipokuwa na vidole vyangu nikawaza kiti changu, meza yangu yenye kovu la pasi pembeni, lile jua la asubuhi linaloingia likakaa mapajani kama paka. Kisha nikawaza balbu.

Mkamwana akanisogelea. Akasema kwa sauti ambayo nilisikia mimi peke yangu kwamba wakataji nao wanaijua mbili. Wameisikia miaka yote kupitia mbao. Sisi tujizuie, tuwagongee wao. Akasema pia tusirundikane. Tufanye kama tunavyoshona, mkono mmoja unashikilia kitambaa, mwingine unasukuma. Mmoja afyatue tu ili wale wafiche vichwa, huyo ndiye anashikilia. Mwenzake ndiye asogee hatua kumi. Kisha wabadilishane. Na mtu mmoja mwepesi azunguke kando, asitazame vita, atazame sanduku.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikasimama, nikakohoa, nikawaambia wenzangu, jamani, nimefikiria jambo.

Nikalisema lote. Kila neno lake, kwa sauti yangu. Wakanisifu. Mpiga pasi akasema ndiyo maana ya uzee. Mkamwana alikuwa anakaza kamba ya kiatu, wala hakuinua uso.

Nikawaapisha. Mkisikia mbili, hata kama Mkubwa mwenyewe anashuka kutoka mbinguni, shingo juu.

Kipindi cha pili kilikuwa kazi, si mchezo. Dada wa mikono walishika upande wa kulia, mmoja anashikilia, mmoja anasogea. Mpiga pasi na mkamwana walishika kushoto. Kila mkataji aliyetoa kichwa juu ya pipa alikutana na mwanga, akakirudisha. Jemedari alikuwa anapiga kelele kwamba washambulie, washambulie, lakini mishale yake haikuwa imechorwa kwa watu wasiosimama mahali pamoja. Msichana wa vifungo alikuwa ameshapotea kwenye majani nyuma ya lori.

Mimi nilibaki kwenye sanduku, nafyatua kila kinachotikisika. Nilifyatua sana. Nilijisikia fundi.

Walipofika hatua ishirini kutoka kwa wakataji, mkamwana alitoa mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi akaugonga kwenye bodi la lori. Mara mbili. Chuma kikalia vizuri, kama mezani.

Mpiga pasi ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, na tangu siku hiyo hajaacha kusimulia.

Wakataji wote sita waliinama. Mmoja alitupa sigara na kuikanyaga. Mwingine alisukuma simu mfukoni. Wawili walishika gunia moja la mchanga, huyu ncha hii, yule ncha ile, wakaanza kulinyoosha kama jora la kitambaa. Wa tano alifagia vumbi juu ya tairi. Na Jemedari, mwenye mafunzo ya ulinzi ya wiki tatu, alivuta futi yake shingoni akaanza kupima pipa.

Alilipima, wanangu. Upana na kimo.

Wanawake wangu wakawapiga utosini, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Msichana wa vifungo akatoka kwenye majani, akatembea, wala hakukimbia, akalipiga sanduku lao likawa buluu. Filimbi ikalia. Jemedari alikuwa bado ameshika futi, na inasemekana midomo yake ilikuwa inahesabu.

Chumba cha mbele kilikuwa chetu. Mpiga pasi alininyanyua kama mtoto. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na kwa macho yangu machozi na ukungu ni ndugu.

Ningejua, ningeomba twende nyumbani papo hapo.

Mwamuzi alikuwa na mashine ndogo inayotema karatasi ndefu, kama risiti ya duka. Kila mchezaji amefyatua mara ngapi, amepiga nani, amepigwa na nani. Kozi aliinyakua kwa furaha. Kwenye kozi walifundishwa kwamba namba hazidanganyi. Akaanza kusoma, mmoja mmoja, na watu wakawa wanapiga makofi.

Akafika kwangu.

"Nahodha wa buluu. Amefyatua mara mia tatu na kumi na mbili. Wapinzani aliowapiga, sifuri."

Kicheko.

"Wa kwake mwenyewe aliowapiga, kumi na moja."

Kicheko kikubwa zaidi. Hata mimi nikacheka, nikasema uzee huu. Kozi alicheka na wenzake, halafu akaacha. Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Sikuiona sura yake, lakini nilisikia kalamu zake zimeacha kugongana mfukoni, na mtu yule hatulii isipokuwa anawaza.

Jemedari naye akawaza, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo aliwaza vizuri.

"Bosi," alisema, "asiyeona anataka dirisha la nini?"

Kozi akasema si kwa ubaya, mama, ni kuhakikisha tu. Akamwomba mmoja wa dada wa mikono sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wake, na kipande cha uzi mweupe. Akaniwekea mkononi.

"Nitungie. Hapa hapa kwenye jua."

Nilichukua. Nikalowanisha ncha ya uzi kwa ulimi, nikaisokota. Sindano ilikuwa unywele ndani ya maziwa. Nikajaribu, uzi ukapita kando. Nikasema upepo. Hapakuwa na upepo. Nikajaribu tena, na nikasikia mpiga pasi akivuta pumzi.

Hapo mkasi ukagonga. Mara mbili.

Ungedhani wamejifunza. Washonaji, wakataji, wote waliopigwa utosini siku hiyohiyo kwa ujinga huohuo, waliinama kwa pamoja kama nyasi. Na Kozi, ambaye sauti hiyo maisha yake yote imekuwa ikigongwa dhidi yake na hajui maana yake, alipoona kila mtu ameinama akageuka kutazama lango, akidhani baba yake amewasili.

Mkono ukaja kutoka ubavuni kwangu. Ukachukua sindano yangu, ukaniachia nyingine. Joto lake nalijua, ni mkono unaonimiminia maji ya kunawa kila siku.

Kozi aliporudisha uso, nilikuwa nimeinua sindano na uzi unaning'inia pande zote mbili. Akauvuta. Ukashika. Akaniomba radhi mbele ya watu wote. Nikamwambia hakuna neno, baba, bunduki zenu ndizo mbovu.

Jemedari akaisonya dunia nzima akaondoka.

Tulipokuwa tunarudisha zile tepe za kichwani, mkamwana alisimama karibu nami, anafungua wake.

"Dirisha umelipata, mama," alisema. "Mimi cherehani yangu sijaipata."

Nikajifanya nashughulika na kifundo.

Akasema Jumatatu Mkubwa atakapokuja, nimwambie kola zile zilipigwa bandi na nani. Nisipomwambia, yeye hatanishitaki, hawezi kumshitaki mama wa mumewe. Ila sindano hatanitungia tena.

Nikamwambia kwa dharau, ile dharau yangu mnayoijua, kwamba amenitungia moja tu, leo, na nimeshukuru. Sindano zangu hutungwa na mjukuu wangu.

Akamaliza kufungua utepe wake.

"Mama, mtoto ana miaka sita. Hata kamba za viatu hajui kufunga."

Akanipokea utepe wangu, akaupeleka pamoja na wake.

Jumapili jioni nilimpa mjukuu kimto kama kawaida. Akakimbia nacho. Akarudi nacho. Nikapitisha kidole juu ya sindano, moja, mbili, mpaka ishirini. Tupu zote.

"Bibi, mama amesema leo hapana."

Jumatatu niliwahi kabla ya wote. Nikakaa kwenye kiti changu. Jua likaingia kwa madirisha manne, tele, likanimwagikia mapajani, mezani, juu ya kola arobaini mpya zinazongoja bandi. Nililipigania jua lile, nikalipata, na lilinionyesha kwamba mbele yangu kuna kitu cheupe. Basi.

Wenzangu wakaingia. Cherehani zikaanza kunguruma. Cherehani ya mkamwana ilikuwa imefunikwa kitambaa, na yeye alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni.

Halafu mkasi wake ukagonga. Mara mbili. Na mara hii ilikuwa kweli.

Vichwa vyote vikainama, kila mtu akashika kazi. Mimi sikuwa na kazi ya kushika. Kichwa changu nikakiacha juu.

Viatu vya Mkubwa navijua, kimoja kinaburuza. Vikapita kwa mpiga pasi, vikapita kwa dada wa mikono, vikaja vikasimama mbele ya meza yangu.

"Bibi Kola," alisema, "mbona leo wewe hushoni?"

Mlangoni, mkasi wa kukata nyuzi ukanyamaza kunisikiliza.